Waini ya mapovu inaendana na chakula gani? Wageni wanakuja Ijumaa

Kagoma_Jr: Wakuu habari za muda huu. Ijumaa saa moja usiku nina wageni wazito hapa kwangu Kijichi. Kuna kamba wa kukaanga, pweza wa nazi, pilau ya ng'ombe na kachumbari yenye pilipili, kisha keki. Nataka vyote vishushiwe na waini ya mapovu. Dukani nimekuta brut, extra dry na demi-sec, nikabaki natoa macho. Ipi iende na kipi? Matusi sihitaji.

MamaPilau: Pilau inashushwa na ukwaju baridi. Mengine ni kutafuta sifa.

Zabibu_Dom: Mkuu, kamba mpe brut. Sukari yake haizidi gramu 12 kwa lita. Ule uchachu na mapovu vinakata mafuta, kila tonge linakuwa kama la kwanza. Usidanganywe na extra dry, hiyo ni tamu kuliko brut. Adui yako ni kachumbari, maana kilevi na mapovu vinachochea pilipili. Hapo weka demi-sec, ina gramu 32 hadi 50. Na keki ikiizidi waini kwa utamu, utadhani unakunywa ndimu. Usijitese na shampeni ya Ufaransa, chukua Cap Classique ya Afrika Kusini. Nayo huchachushwa mara ya pili ndani ya chupa, ila bei yake unapumua. Wageni ni akina nani?

Kagoma_Jr: Watu wa heshima tu mkuu.

Babu_Kijiweni: Hao ni wakwe 😂 Mimi siku ya posa nilitingisha chupa kama dereva wa mbio za magari. Kizibo kikampata mjomba wa binti juu ya jicho. Nikapigwa faini ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe waliniambia awe beberu. Vijana, shika kizibo, zungusha chupa, taratibu.

Zabibu_Dom: Kagoma, jibu swali.

Kagoma_Jr: Haya, ni wazazi wa mchumba wangu, wanatoka Same. Ni Wasabato, baba ni mzee wa kanisa. LAKINI si wale wakali. Kwenye harusi ya shemeji nilimwona kwa macho yangu kashika glasi ina mapovu. Halafu chupa tatu nimeshanunua na duka halirudishi hela.

DadaWaSuji: Kaka yangu, ile ni juisi ya zabibu yenye gesi, harusi zetu zote ipo. Na kamba na pweza nao waage. Soma Walawi 11, kisicho na mapezi na magamba hakiliwi. Umebaki na pilau.

Mtumishi_K: Kijana, unaanzaje ndoa kwa kilevi? Soma Mithali 20.

Kagoma_Jr: Mtumishi, nimeuliza chakula.

Jicho_la_Mwewe: Hii ni chai, wakuu. Mzee wa kanisa wa Kisabato aende kula ugenini Ijumaa saa moja usiku? Jua limeshazama, Sabato imeingia. Halafu mwezi wa tatu huyuhuyu alileta uzi kwamba mkewe kagoma kurudi kutoka kwao. Leo ana mchumba?

MamaPilau: Nilijua tu. Haina sukari hiyo chai.

Kagoma_Jr: Ule uzi niliandika kwa niaba ya rafiki. Na siku wamechagua wao, mzee kasema watafungulia Sabato kwangu.

DadaWaSuji: Watafungulia kwako!! Yaani wimbo, sala, halafu PWAA 😂😂

Jicho_la_Mwewe: "Rafiki."

Kagoma_Jr: Nikibandua lebo nikasema ni juisi?

Zabibu_Dom: Kilevi cha asilimia 12 hakibanduki na lebo. Nunua hiyo juisi yenye gesi, isiyoongezwa sukari, uipoze vizuri. Kamba badilisha na changu wa kukaanga, gesi itakata mafuta vilevile. Pweza mle wewe Jumapili.

Babu_Kijiweni: Hizo tatu nazichukua mimi kwa nusu bei, niko Mbagala. Umeziweka wapi?

Kagoma_Jr: Ziko friza tangu asubuhi, nilitaka zipoe kabisa.

Zabibu_Dom: Toa sasa hivi. Zikiganda zinapasuka.

Zabibu_Dom: Kagoma?