Naomba ushauri: mama ana miaka 78, afanyiwe upasuaji au aendelee na dawa?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naombeni msaada wa mawazo, hasa kwa madaktari na waliowahi kuuguza mzee mwenye tatizo hili.

Mama yangu ana sukari na presha. Alianza kuumwa tumbo chini kushoto, akapata homa na choo kikagoma. CT scan ikaonyesha vifuko vya kwenye utumbo mpana vimevimba (wanaita divertikulitisi), na pembeni kuna usaha kidogo wa kama sentimita 2. Utumbo haujatoboka. Amewekewa dripu ya antibiotiki (ceftriaxone na metronidazole), leo siku ya 5. Homa imeshuka, jana amekunywa uji, maumivu yamebaki kidogo akibonyezwa.

Daktari mmoja anataka apasuliwe kabla hajatoka, eti kwa umri huu likirudi hataweza kuhimili. Mwenzake anasema umri peke yake si sababu, tusubiri wiki 6 hadi 8 afanyiwe kolonoskopi (kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana) ndipo tuamue. Mimi moyo unaelemea kwa huyu wa pili, ila naogopa kukosea. Mama mwenyewe hataki kisu, na akili zake ni timamu kabisa.

Maswali yangu: mgonjwa wa umri huu anayeitikia dawa, ni dalili gani zingelazimisha apasuliwe sasa? Na tukirudi nyumbani, kipi kitufanye tumkimbize hospitali bila kungoja kuche?