Pilsna ya Kipolandi: uchungu huu ni tabia ya bia au imeharibika?

Mkazi wa Kirumba aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wenye ujuzi wa bia. Mdogo wangu anayesoma Gdańsk alipokuja likizo aliniletea chupa chache za pilsna iliyotengenezwa na kiwanda kidogo cha huko, si yale makampuni makubwa ambayo bia zake hukutana nazo hata viwanja vya ndege. Mimi ni mnywaji wa kawaida wa Mwanza. Nimezoea Balimi na Safari, na mara mojamoja Kilimanjaro, kwa hiyo laga si jambo geni kwangu. Hata hivyo hii imenishangaza, na nisingependa kuwafungulia rafiki zangu chupa zilizobaki kabla ya kujua ninachowapa.

Rangi yake ni ya dhahabu iliyofifia, ila ina ukungu kidogo na haiangazi kama laga zetu. Povu lake ni jeupe na zito, nalo lilidumu karibu mpaka glasi ikaisha. Ilipotoka kwenye friji haikuwa na harufu ya maana, lakini kadiri ilivyopoteza ubaridi ndivyo ilivyoanza kunukia majani mabichi yaliyokatwa, maua, na kitu kinachokaribiana na pilipili manga. Kisha ukaja uchungu, ambao haupiti upesi. Hukaa nyuma ya ulimi muda mrefu baada ya kumeza, na kinywa hubaki kikavu kikitaka funda jingine. Jirani yangu aliyeonja alisema bila kusita kwamba bia imeharibikia njiani. Isitoshe, kwenye lebo imeandikwa 12%, nikashtuka, ingawa baada ya chupa nzima sikuona kilevi cha kiasi hicho.

Je, ukungu na uchungu huo ni tabia ya bia hiyo au ni kasoro? Hiyo 12% ni ya nini? Na ikiwa pilsna ni ya Wacheki, kama tunavyosikia siku zote, ndani ya hii kuna kitu gani cha Kipolandi?

Mstaafu wa Maabara, Nyegezi, alijibu:

Ndugu, nianze na hilo lililokushtua. Asilimia 12 si kilevi. Lebo za Poland huwa na namba mbili: moja hutanguliwa na neno “ekstrakt” au kifupi chake, na nyingine na “alk.”, na hiyo ya pili ndiyo unayoitafuta. Ekstrakti ni uzito wa vitu vilivyoyeyuka, hasa sukari itokanayo na kimea, katika maji ya kimea kabla ya kutiwa hamira, yaani gramu 12 katika kila gramu 100. Hamira hula sehemu kubwa ya sukari hiyo na kuigeuza kuwa kilevi na gesi ya kaboni, hivyo bia iliyoanza na ekstrakti ya 12 huishia kwenye kilevi cha takriban asilimia 5 kwa ujazo. Hapo uko katikati ya Kilimanjaro yenye 4.5 na Safari yenye 5.5, na ndiyo maana hukuyumba.

Kuhusu asili, pilsna ya kwanza ilipikwa mwaka 1842 mjini Plzeň, katika Bohemia iliyokuwa chini ya Dola la Austria, na aliyeipika ni Josef Groll, fundi aliyeletwa kutoka Bavaria. Tangu siku hiyo ya kwanza, basi, bia hii ilikuwa ya Wacheki kwa maji, shayiri na hopsi, lakini ya Kijerumani kwa fundi na mbinu ya kuchachusha kwa baridi. Kutoka hapo ilisambaa Ulaya nzima, na kila nchi iliipika kwa mazao yake. Miongozo ya mashindano ya bia huitenga laga ya Kicheki na pilsna ya Kijerumani kila moja katika fungu lake, lakini ya Kipolandi haina fungu la peke yake. Kwa hiyo anayekwambia kwamba pilsna ya Kipolandi lazima iwe hivi au vile anakuza mambo. Kilicho cha Kipolandi ndani ya glasi yako ni hopsi.

Hopsi ni maua ya mmea utambaao, na ndiyo yanayoipa bia uchungu na sehemu kubwa ya harufu. Upande wa mashariki wa Poland, kuzunguka mji wa Lublin, ndiko kwenye mashamba makubwa ya zao hilo, na aina iliyobeba jina la eneo hilo huitwa Lubelski. Hii ni ndugu wa karibu wa Saaz, hopsi ya Wacheki iliyotumika katika pilsna ya kwanza. Asidi zake za uchungu ni chache, kwa kawaida kati ya asilimia 3 na 5, hivyo haitiwi kwa ajili ya ukali bali kwa harufu ya maua na mitishamba, ile uliyoisikia bia ilipopoteza ubaridi. Kwa uchungu, mafundi wengi wa huko hutumia Marynka, aina nyingine ya Poland yenye asidi nyingi zaidi, ambayo huingizwa mapema sufuria inapoanza kuchemka, huku Lubelski ikisubiri mwisho ili harufu isipotelee kwenye mvuke. Ukiniuliza mimi, Lubelski nzuri ina upole ambao Saaz haiuzidi, na inasikitisha kwamba jina lake halijulikani nje ya watu wa kazi.

Ukungu una njia rahisi ya kuuchunguza. Shika glasi kwa viganja mpaka bia ipate joto kidogo. Ikiangaza, huo ulikuwa ukungu wa baridi, protini za shayiri zilizoshikamana na tanini, nao hauna madhara. Ukibaki, tafuta kwenye lebo neno “niefiltrowane”, maana yake bia haikuchujwa na hamira imo ndani. Viwanda vidogo hupenda kuacha hivyo.

Bia iliyoharibikia njiani haijitambulishi kwa uchungu. Joto la makasha na mizigo huharakisha kuzeeka kwa bia, na bia iliyozeeka hunukia karatasi iliyolowa huku uchungu wake ukipungua na kukwaruza. Iliyopigwa na mwanga hunuka kicheche, kwa sababu mwanga huvunja vitu vile vile vinavyoleta uchungu. Chupa ya kahawia huzuia mwanga huo vizuri. Ya kijani huzuia kidogo sana. Ukisikia siagi, hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake, ingawa Wacheki huvumilia siagi kidogo. Ukisikia mahindi ya kuchemsha, kosa liko kwenye kimea au kwenye uchemshaji uliofupishwa. Na pilsna yenye uchachu imeingiliwa na bakteria. Katika maelezo yako sioni hata moja la haya. Mwambie jirani bia ni nzima.

Mhudumu wa Capri Point alijibu:

Shikamoo mzee wa Nyegezi, na asante kwa maelezo. Niongeze la upande wangu, kwa kuwa kazi yangu ni kumimina.

Kwetu mteja akiketi tunamwuliza bia ya baridi au ya moto, na mwenye kutaka ya moto huletewa iliyokuwa kwenye kreti. Kwa pilsna hii majibu yote mawili yanapoteza. Ya baridi kwa maana ya hapa ni chupa iliyolala karibu na barafu mpaka inatoka jasho. Kwa ubaridi huo ulimi hufa ganzi, harufu hufungika, na kinachobaki ni uchungu mtupu. Ya moto, kwa hali ya hewa ya Mwanza, inakaribia nyuzi 28, gesi inatoka yote mara moja na bia inalegea. Inayofaa ni kati ya nyuzi 5 na 8. Kama huna kipimajoto, itoe chupa kwenye friji, si kwenye friza, uiache mezani wakati unapanga glasi na viti, kisha umimine.

Glasi nayo huonewa sana. Glasi iliyooshwa pamoja na sahani za sato wa kukaanga hubaki na utando wa mafuta usioonekana, na utando huo huua povu kabla hujaonja. Ioshe peke yake kwa sabuni, isuuze kwa maji mengi, na usiifute kwa kitambaa cha jikoni, bali igeuze ikauke. Mimina ukiwa umeiinamisha, halafu isimamishe ili povu lipande kiasi cha vidole viwili. Povu si hasara ya mnywaji, hata kama wateja wangu wengi huamini wamepunjwa. Ndilo linalobeba harufu hadi puani.

Onjeni kabla ya chakula, pilipili ikiwa bado jikoni. Baada ya hapo leteni sangara wa kukaanga na ndimu, mtaona jinsi uchungu unavyokata mafuta.

Mnywaji wa Igoma alijibu:

Wakubwa wangu, nimewasoma kwa heshima, lakini mimi nina shaka. Bia ni ya kiu na mazungumzo. Mtu aliyetoka juani anataka kitu chepesi, na laga zetu zimetengenezwa kwa kujua hivyo. Kila bia yenye uchungu mkali ikipewa sifa za maua ya Lublin, nani atabaki wa kusema kwamba haimfurahishi? Halafu mnaisifia bia iliyovuka bahari ilhali ziwa liko mlangoni. Na kama maji laini, yaani yenye madini machache, ndiyo siri ya Plzeň kama isemwavyo, kwa nini isipikwe hapa hapa?

Mpika Bia wa Bukoba alijibu:

Ndugu yangu wa Igoma, kwa hilo la ladha una haki, wala hakuna anayelazimishwa. Wepesi unaoutaja una sababu yake: laga nyingi za viwanda vikubwa duniani huchanganya kimea na mahindi, mchele au sukari, ambavyo huongeza kilevi bila kuongeza uzito wa kinywani, na hopsi hutiwa kwa kiasi kidogo. Pilsna ya kiwanda kidogo kwa kawaida hutumia kimea cha shayiri peke yake, kwa hiyo hopsi huongezwa ili kuusawazisha utamu wa kimea hicho. Uchungu uleule ukiuweka kwenye bia nyepesi ungekera; hapa una kitu cha kuegemea.

Swali lako la maji ni zuri kuliko ulivyokusudia. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria huingia kama mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, si kwa mito iliyopita kwenye miamba ya chokaa, ndiyo maana ni maji laini yenye madini machache, jambo linalofanana na Plzeň. Maji magumu huufanya uchungu wa hopsi uwe wa kukwaruza. Laini huuacha uwe safi. Tatizo ni klorini ya bombani, ambayo ikikutana na vitu vya kimea huzaa harufu ya dawa ya hospitali, kwa hiyo maji lazima yapitishwe kwanza kwenye kichujio cha mkaa.

Kilichonizuia mimi si maji bali baridi. Hamira ya laga hutaka nyuzi 8 hadi 13 wakati wa kuchachusha, kisha majuma kadhaa karibu na sifuri ili bia itulie. Kwenye rubisi ya ndizi nimezoea siku chache bila friji. Pilsna inadai friji isiyozimika kwa zaidi ya mwezi, na umeme ukikatika usiku katikati ya uchachushaji, hamira iliyopata joto hutoa harufu za matunda ambazo hazina nafasi humo. Tena ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hopsi hutoa uchungu polepole kidogo. Hilo hurekebishika kwa kuongeza muda au hopsi.

Hopsi zenyewe haziwezi kutoka hapa. Mmea huo huhitaji siku ndefu za kiangazi ili ukue vizuri kabla ya kutoa maua, nasi karibu na ikweta tuna saa 12 za mwanga mwaka mzima. Hata Afrika Kusini, walio mbali nayo kuliko sisi, walilazimika kuzalisha aina zinazovumilia siku fupi kwa ajili ya mashamba yao ya eneo la George. Shayiri inalimwa kaskazini mwa nchi yetu, lakini Lubelski itabaki kuagizwa.

Mkazi wa Kirumba aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nimeiangalia lebo tena: kilevi ni asilimia 5.1, na neno la kutochujwa lipo. Jana jioni tumeonja kama dada wa Capri Point alivyoelekeza, tukaiweka Safari kando yake kwa kulinganisha. Jirani yangu hakukubali kwamba ni tamu, ila ameondoa shitaka la kuharibika. Anasema harufu ni nzuri lakini uchungu ungepunguzwa nusu. Mwingine, asiyependa bia kabisa, ndiye aliyemaliza glasi yake kwanza. Mimi nimeona kwamba Safari ina utamu ambao sikuwahi kuusikia mpaka nilipoinywa baada ya hiyo. Zimebaki mbili. Nilikuwa nafikiri kuzihifadhi hadi Krismasi mdogo wangu atakaporudi.

Mstaafu wa Maabara, Nyegezi, alijibu:

Usizihifadhi. Pilsna isiyochujwa haiboreki kwa kukaa, na harufu ya Lubelski ndiyo ya kwanza kuondoka, ukabaki na uchungu ule ambao jirani yako anautaka upungue. Zisimamishe wima kwenye friji ili hamira itulie chini, mbali na taa ya mlangoni, mzimalize mwezi huu. Mdogo wako mwambie akija alete za karibuni, na asome tarehe ya kujazwa kabla ya kununua.