Ambulensi ya 5G kupanda Kitonga: itatusaidia kweli?

Sista_Zamu
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya upande wa chini wa mlima Kitonga, barabara ya Morogoro–Iringa. Wagonjwa wetu wa dharura ni majeruhi wa malori na mabasi, na wajawazito. Wakizidiwa tunawapandisha mlima kwa rufaa Iringa. Juzi wamekuja jamaa wanauza ambulensi: kamera juu ya kitanda, ultrasaundi ya mkononi, na kiboksi chini ya kiti wanachokiita kompyuta ya ndani. Wanasema bingwa atamwona mgonjwa mubashara kwa 5G. Mganga mfawidhi ameniambia niandike maoni. Sasa kwenye zile kona hata simu ya kawaida hunikatikia. Na kama mtandao una kasi hivyo, hicho kiboksi cha nini?

FundiMinara
Dada, tenganisha mambo. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo kinachotoa mistari, ni faili dogo, 3G inaibeba bila shida. Kinachotafuna mtandao ni video ya ultrasaundi, tena inayopanda kutoka kwenye gari, wakati mitandao ya simu imepangwa zaidi kwa kushusha: watu wengi wanaangalia video, wachache wanazirusha. Na 5G ya mawimbi ya masafa ya juu haifiki mbali na mnara. Vodacom waliizindua hapa nchini 2022, wakaanzia mijini. Wauzaji watakutajia ambulensi ya 5G ya Birmingham, Uingereza, 2019: mhudumu amevaa glovu inayotetemeka, daktari yuko mbali anamwongoza mkono uelekee wapi. Inavutia, nakubali. Lakini yalikuwa maonyesho, tena mjini.

Kiboksi ndicho ningekinunua mimi. Kinasoma ECG humo humo garini, kinachagua picha chache zenye maana badala ya kurusha video nzima, na mtandao ukikatika kinahifadhi mpaka mfike penye mnara. Ila waulize: kikikosa intaneti kabisa, kinaendelea na kazi? Vingine ni ganda tu, akili iko kwenye seva ya ng'ambo. Unakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika? Intaneti ilisuasua nchi nzima. Mgonjwa wa siku hiyo ungemwambia nini?

MzeeUsukani
Mimi ni dereva, nabeba wagonjwa wa m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Mtu anapiga 115 hata kwa simu ya batani, wanatafuta gari la wagonjwa, likikosekana tunaitwa sisi madereva wa huku huku, malipo yanaingia kwa simu. Hakuna 5G hapo na mama anafika. Kinachoniumiza ni kufika hospitali na mama anavuja damu, ndipo mtu anaanza kutafuta mwenye ufunguo wa chumba cha upasuaji. Hiyo video angeiangalia nani? Anzeni na taarifa itangulie, na ipokelewe.

Sista_Zamu
Asanteni sana. Mzee, hapo umesema. Usiku nakuwa peke yangu huku nyuma, mkono mmoja unabana mfuko wa kupumulia, mwingine umezuia damu. Ultrasaundi nishike kwa mguu? Basi naandika hivi: ECG ndiyo, kiboksi ndiyo, laini za mitandao miwili tofauti, video isubiri. Na waseme kwa maandishi nani atalipia bando mwaka wa pili.

FundiMinara
Ongeza na taarifa za wagonjwa zinahifadhiwa wapi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na majaribio yafanyike gari likipanda Kitonga, wasikuwashie mitambo kwenye maegesho ya hoteli.

MzeeUsukani
Siku hiyo niiteni niendeshe. Na ECG waipime gari likiwa kwenye matuta. Muuguzi mmoja ninayebeba naye wagonjwa kila mara ananiambia, "Baba, simama pembeni kidogo," maana gari likitikisika ile mistari haisomeki. Kama chao kinasoma bila mimi kusimama, hapo nitawaelewa.