Wataalamu wa simulesheni ya upepo, mnatuuzia picha za rangi kwa bei ya uhandisi

Wakuu, leo mniache niongee nimalize.

Tunafunga sola za pampu ya kisima huku Tabora. Paneli nane, kila moja mita za mraba 2, zimelazwa nyuzi 15 kutazama kaskazini. Kiangazi upepo wetu unatoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo ule wa kusini-mashariki unaziingia mgongoni na kuzinyanyua. Mteja akataka hesabu ya nguvu ya upepo, tukamlipa kijana wa mtandaoni aipige kwa simulesheni ya kompyuta. Ripoti ikaja kurasa kibao, nyekundu na bluu zimekolea kama kanga mpya, na mwishoni kabisa: nguvu ya kuinua niutoni 3,528, koefishenti (nguvu ukiigawa kwa shinikizo la upepo na kwa eneo) 6.4.

6.4 kwa paneli bapa? Hata bawa la ndege ya abiria lililoshusha flapu zote halifiki huko. Na aliyeandika hakushtuka!

Nikaichambua. Kasi kaweka mita 30 kwa sekunde, densiti ya hewa 1.225. Nusu ya 1.225 mara 900 (30 mara 30) ni kama paskali 551, ndilo shinikizo la upepo. Gawa 3,528 kwa 551, ndiyo hiyo 6.4. Maana yake eneo rejea, yaani eneo la kugawia, kaliacha mita ya mraba 1, kama programu ilivyokuja nalo. Haya, gawa kwa mita zetu 16: inabaki 0.4, sasa imekuwa ndogo mno. Rudi kwenye picha, hesabu paneli: ziko nne! Kaikata modeli katikati kwa simetria (nusu moja ikiwa picha ya kioo ya nyingine) ili kompyuta yake isichoke, halafu nguvu hakuizidisha mara mbili. Kwa mita 8 unapata 0.8, hiyo inaingia akilini. Safu nzima basi ni niutoni 7,056. Tungenunua bolti za nusu ya mzigo, wakuu!

Tena simetria hiyo inafaa upepo ukitoka kusini au kaskazini moja kwa moja tu. Ukija kimshazari, kama wetu, haifai kabisa.

(Ile 1.225 ni hewa ya usawa wa bahari kwenye nyuzijoto 15. Huku tuko mita kama 1,200 juu, yetu ni karibu 1.05. Hapo angalau kakosea upande wa usalama.)

Kumuuliza, anajibu: "Mkuu, hesabu zimetulia, grafu imenyooka." Zimetulia nini? Programu imemaliza kile ulichoilisha, haijui juu ya paa kuna paneli ngapi.

Sasa anadai kurudia kazi ni malipo mapya. Wenye uzoefu na watu wa aina hii, hela tunaidai vipi?