Naomba ushauri: kopo la kunyunyizia chumvi kwenye njia yenye barafu

MamaWawili (Minneapolis, Marekani)
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama mkwe yupo kwangu tangu Oktoba, katokea Mwanza. Juzi asubuhi aliteleza kwenye ngazi ya mbele akaangukia kiwiko. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo hataki kutoka nje. Chumvi naimwaga kwa mkono: hapa lundo, pale patupu, na vidole vimepasuka hadi vinatoa damu. Kitoroli cha kunyunyizia chumvi cha dukani sina hela yake kwa sasa, na njia yenyewe fupi, vipande kumi tu vya zege. Nani katengeneza chake kikafanya kazi?

FundiBaridi
Pole sana dada, mfikishie mama pole zangu. Tafuta kopo kubwa la plastiki la kahawa, lile lenye pa kushikia ubavuni. Weka kifuniko juu ya ubao, toboa kwa drili matundu kama kumi ya milimita 10. Mimi nilianza na milimita 6: punje za chumvi ya mawe zilikwama, kopo linalia kama kayamba na hakitoki kitu. Tobolea ndani ya nyumba, plastiki ikipigwa na baridi inapasuka. Kifuniko kizungushie utepe, kikichomoka chumvi yote imemwagika hapo.

BintiUjiji
Galoni la sabuni ya kufulia ni bora zaidi. Mpini wake unashikika hata na glavu nene. Ila lioshe, likauke kabisa kabla hujatia chumvi, la sivyo inashikana bonge.

MzeeWaZiwani
Mwanangu, koleo kwanza. Ondoa theluji yote, chumvi ni ya kulegeza ile barafu iliyong'ang'ania chini. Kikombe kimoja kikubwa cha chumvi, kama mililita 350, kinatosha vipande vyako kumi. Punje ziachane kama sentimita 7, usipake njia ikawa nyeupe. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, na mitaro yetu inaishia kwenye maziwa na mito. Zege likikauka, fagia zilizobaki urudishe koponi.

FundiBaridi
Mzee kasema kweli. Na uangalie baridi: chini ya digrii 15 za Farenhaiti, yaani -9 za Selsiasi, chumvi ya kawaida karibu haifanyi kitu. Siku hizo tia mchanga mkavu kwenye kopo hilohilo. Hauyeyushi, ila mguu unapata pa kushika.

MamaWawili
Asanteni sana jamani. Nimetumia galoni la sabuni, nimetoboa chini ya kitako matundu kumi na moja, nikaziba mawili kwa utepe maana yalikuwa ukingoni yakamwagia viatu. Leo ilikuwa digrii 24 za Farenhaiti, kama -4 za Selsiasi. Baada ya nusu saa barafu ya ngazini ikaanza kulia kwa kupasuka, nikaingiza koleo chini yake, ikanyanyuka vipande vizima kama sahani. Mama ametoka hadi kwenye sanduku la barua, kanishika bega. Ngazi ya nyuma ni ya mbao, nayo naitia chumvi?

BintiUjiji
Hapo tia mchanga tu. Chumvi italisha misumari kutu.