Nyie mnaoshuti komedi za kuzama ziwani hapa Mwanza, mnasubiri mtoto wa nani afe ndio muache?

Wakuu salamu nitawapa siku nyingine, leo nimekuja na hasira za siku nne na naomba mnisome hivyo hivyo hata kama nimeandika ovyo.

Mimi ni mama muuza dagaa. Nachukua mzigo mwaloni upande wa Igombe, naanika, ukikauka naupeleka Kirumba. Kwahiyo ufukwe ule naujua, alfajiri mitumbwi ikirudi niko pale na beseni langu, na kelele za pale nazijua, ya kugombea bei naijua na ya msiba naijua.

Sasa kama mwezi umepita wakaja vijana watano na simu kwenye fimbo. Hawakusalimia mtu wala hawakusema wanafanya nini. Mmoja akaingia majini na nguo zake akaanza kutapatapa, nakufaaa nakufaaa, mwenzake pembeni anajigaragaza kwenye mchanga analia. Tuliacha kila kitu. Mzee mmoja anashona nyavu pale kila siku akatupa sindano akakimbilia mtumbwi, mama mwenzetu mjamzito akateleza kwenye mawe akaangukia ubavu, mimi mwenyewe nilishaingia mpaka kifuani na kuogelea sijui. Alafu yule kijana akasimama. Maji yanamfika kiunoni! Anacheka, na mwenye simu anatuambia mama zangu nyuso zenu ziko poa sana, hata mkilipwa hamuwezi kuigiza hivyo.

Video ikatembea, watu wakacheka, wakarudi tena wiki iliyofuata, na wengine wakaiga, mara mtu kazama, mara mtu kavutwa na mamba, mpaka mwalo mzima ukazoea, mtu akilia majini watu hawageuki, wanauliza tu leo wanashuti nini.

Jumatano asubuhi mtoto wa mwenzetu, yuko darasa la tatu, alikuwa anasuuza beseni la mama yake. Wimbi likalichukua akalifuata. Mimi nilichokiona ni beseni la bluu linazunguka peke yake na mbele yake kichwa kinaenda chini kinarudi, mdomo wazi unaangalia juu, mikono imetandazwa kama anayetaka kupanda ngazi. Hakuna sauti. Wakuu naomba mlishike hili maana kwenye muvi hamtaoneshwa, mtu anayezama kweli mara nyingi hapigi kelele, pumzi ya kupiga kelele anaitoa wapi, mdomo ukitoka kwenye maji unatafuta hewa tu, na mtoto anaweza kwenda chini ndani ya dakika moja au hata haijafika huku mmesimama mnamuangalia.

Nikapiga ukunga. Unajua nilijibiwa nini? Kijana mmoja kanishika bega ananiambia bi mkubwa tulia utawaharibia sauti. Na mwingine, hili ndilo linaninyima usingizi, anasema mbona huyu dogo hapigi kelele, anaigiza vibaya. Simu zilikuwa zimeshanyanyuliwa, mimi nilihesabu sita. Watu wazima, wenye nguvu, waliokulia humu humu majini, wamesimama wanangoja kipande kiishe!

Aliyeenda ni yule yule mzee wa nyavu, ambaye mara ya kwanza alichekwa. Hakuuliza. Akamtoa kalegea, midomo imebadilika rangi, akampulizia pumzi mdomoni pale pale mchangani mpaka akatapika maji na mapovu, ndio tukampakia kwenye bodaboda kwenda zahanati. Mtoto yuko hai, Mungu ni mwema. Anakohoa usiku, na mama yake amekaa ndani tangu siku hiyo, hata dagaa zake tumemuanikia sisi.

Sasa naongea na nyie wenye simu. Mnajua mnachezea wapi? Mama yangu mdogo alikuwa MV Bukoba, 21 Mei 1996, meli ilishakaribia kabisa kufika Mwanza. Hatukumpata. Wapo waliozikwa pamoja pale Igoma na mpaka leo hatujui kama na yeye yumo, bibi alikuwa anaenda kusimama tu pale. MV Nyerere 20 Septemba 2018 ilipinduka ikiwa imebaki kidogo tu iguse Ukara, watu 228 wakafa, kuna nyumba Ukerewe zilitoa majeneza mawili matatu siku moja. Hii ndio Mwanza. Humu mjini na visiwani huwezi kukaa watu kumi wasiwe na mtu wao aliyeondoka na ziwa, alafu wewe unakuja kulia nakufa nakufa ili upate viewz.

Na msiniambie mama umepitwa na wakati hupendi burudani. Mimi nimekulia vibanda vya video, tulikuwa tunaingia na shilingi hamsini, tunakaa kwenye benchi, steringi anapigwa tunalia kweli kweli, adui akidondoka tunashangilia. Lakini pazia lilikuwa mlangoni. Ukilifunua ukatoka nje umetoka, steringi umemuacha ndani, na ukikuta jirani analia ujue analia kweli. Nyie pazia mmelitoa, sinema mmeileta mchangani kwetu bila kutuambia, sote tumekuwa waigizaji na hakuna aliyetuuliza.

Sisi Wasukuma tuna mwano, yani lile yowe la kuomba msaada. Mwano ukipigwa unatoka, habari ya kuuliza kuna nini ni baadae huko mbele ya safari, na asiyetoka anatozwa faini. Na hata kule Bukoba, ndege ilipoangukia ziwani ile 6 Novemba 2022, wavuvi walipiga makasia mpaka kwenye mlango, Majaliwa Jackson na wenzake, na watu 24 wakatoka hai kati ya 43. Je wangesimama kwanza kuangalia kama kuna kamera?

Alafu sheria ipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya 1976, Bodi ya Filamu ipo, kushuti filamu kunataka kibali. Vijana hawa kibali wamekipata kwa nani? Viongozi wa mwalo mko wapi? Mvuvi akija na nyavu haramu mnamuona kutoka mbali, hawa wenye fimbo za simu hamuwaoni?

Nimalizie na kilichonileta humu. Jana binti yangu kanionesha simu, kuna mtu kairusha ile ya Jumatano. Ni mtoto wetu yule yule, na beseni lile la bluu, wameweka na muziki wa kuchekesha juu yake. Chini watu wameandika dogo yuko vizuri, dogo anajua, sehemu ya pili lini. Mama yake bado hajaiona. Kama mhusika anasoma hapa, au kuna anayemjua, aitoe leo, kabla huyo mama hajashika simu ya mtu.