RAM ya 3200 CL16 au 3600 CL18, ipi nichukue kwa Ryzen 5 5600G?

kitasa_tz
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo. Nina mashine yenye prosesa ya Ryzen 5 5600G, bodi B550, sina kadi ya grafiki natumia ileile ya ndani ya prosesa, RAM ni kijiti kimoja cha GB 8 cha 2666. Naediti video za harusi na gemu kidogo usiku. Sasa nimejichanga nipate GB 16, dukani kuna 3200 CL16 na 3600 CL18 bei zinakaribiana, muuzaji anasema CL ikiwa ndogo ndo mwendo, mshikaji wangu anasema hapana spidi ndo kila kitu nitafute hata 4000. Nimsikilize nani? Na nikishachomeka inajiseti yenyewe?

waya_mwekundu
Mkuu hiyo CL ni idadi ya mizunguko RAM inayongoja kabla haijaanza kutoa data, na mzunguko wenyewe unakuwa mfupi spidi ikipanda, ndo maana huwezi kulinganisha CL peke yake. Chukua CL zidisha kwa 2000 kisha gawa kwa spidi. 3200 CL16 inakupa nanosekunde 10, 3600 CL18 nayo 10 kamili. Kungoja ni kulekule ila 3600 inabeba data nyingi zaidi, na wewe grafiki yako haina memori yake, inakula hiyohiyo RAM, kwa hiyo nenda 3600. Ukikuta 3600 CL16 ni 8.9, hiyo usiiache kama bei inavumilika.

Ila sikiliza, kubwa kuliko yote hayo ni vijiti VIWILI vya GB 8, siyo kimoja cha 16, maana viwili vinabeba data kwa njia mbili kwa pamoja. Sasa hivi kijiti chako cha 2666 mwisho wake ni kama GB 21 kwa sekunde, viwili vya 3600 ni 57.6. Hapo kwenye gemu utaona tofauti kwa macho.

Baharia88
Mi namuunga mkono mshikaji wake, 4000 CL18 ni nanosekunde 9, imeshinda zote hapo

waya_mwekundu
@Baharia88 kwenye karatasi sawa. Ila kwenye Ryzen kuna Infinity Fabric, ile njia ya data ndani ya prosesa, inatakiwa iende sambamba na RAM, 3600 inaitaka iende MHz 1800, 4000 inaitaka iende 2000. Ikishindwa, kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa kinaanza kwenda kwa uwiano wa nusu na kungoja kunaongezeka, ile faida yote inaliwa. Kweli 5600G nyingi zinafika 2000 kuliko ndugu yake 5600X isiyo na grafiki ya ndani, lakini AMD wenyewe wanaahidi 3200 tu, kadiri unavyopanda juu ya hapo ndivyo unavyozidi kutegemea bahati ya prosesa yako na huyu anafanya kazi za wateja.

mama_seva
Haijiseti kaka. Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya bodi) uwashe XMP, ule mpangilio wa spidi uliowekwa kiwandani kwenye RAM, kwenye bodi za ASUS utaikuta imeandikwa DOCP, usipofanya hivyo itatembea kwenye 2133 au 2666 huko na hela umeshatoa. Chomeka sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Programu ya CPU-Z inayoonyesha taarifa za mashine ikikuonyesha 1800 badala ya 3600 usishtuke, inahesabu nusu.

Halafu kabla ya kazi yoyote ya mteja weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi uiache ilale inapima, kosa hata moja likitokea rudisha spidi chini kidogo. RAM isiyotulia haizimi mashine kila mara, wakati mwingine inaharibu faili kimyakimya tu, na harusi ya watu hairudiwi. Chumba kikiwa na joto sana pima tena mchana, RAM iliyopandishwa inaweza kupita vizuri usiku ikaanguka saa nane.

kitasa_tz
Asanteni sana aisee nimeelewa. Je hiki cha zamani nikikiongeza niwe na 24?

mama_seva
Hapana, vyote vitashuka kumfuata yeye. Kiuze, hela yake iongezee kwenye ile 3600 CL16.